Ndiyo Yetu Siyo "Yes" Yao

Mwaka 2024 nusura niwatie watu kumi na wanne hatiani, na sikuwa nimesema uongo hata neno moja. Nilitafsiri tu. Ndugu msomaji, naomba uvumilie kidogo nikusimulie, kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu sote tunaosoma kwa Kiingereza na kuwaza kwa Kiswahili.

Ilikuwa Septemba 2024, likizo ndefu, boom limeisha siku nyingi. Niko nyumbani Ujiji nasaidia dukani. Nikapata kibarua cha kumtafsiria mgeni mmoja, mwanafunzi wa shahada ya juu kutoka Ulaya, aliyekuja kufanya utafiti kwa wavuvi wa Kigoma. Mnakumbuka mwaka ule Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Mgeni wetu alitaka kujua watu waliishije katika miezi ile, walikula nini, walikopa wapi, na kama kuna waliokwenda ziwani kwa siri.

Kila asubuhi tulikwenda mwalo wa Kibirizi. Yeye anauliza kwa Kiingereza, mimi nauliza kwa Kiswahili, mvuvi anajibu, mimi narudisha kwa Kiingereza, yeye anaandika kwenye fomu. Kazi nyepesi kabisa. Nilijiona mtu wa maana.

Swali moja lilikuwa hili: "You didn't go out fishing during the closure, did you?" Mimi nikalitoa hivi: "Hukwenda ziwani wakati limefungwa, sivyo?" Na wazee wetu, kwa upole wao, wakajibu, "Ndiyo." Mimi haraka haraka: "Yes." Mgeni anaandika. Tunaendelea na swali linalofuata.

Siku ya tatu jioni tumekaa barazani tunahesabu fomu, mgeni akaniambia amefurahishwa sana na ukweli wa watu wa Kigoma. Kati ya wavuvi 22 tuliowahoji, 14 wamekiri wazi kwamba walivunja sheria. Nikamuuliza, wamekiri lini? Akanigeuzia karatasi. Pale kwenye kila fomu, mwandiko wake mzuri: "Yes." Jamani, nilihisi tumbo linashuka.

Kwani "ndiyo" ya mvuvi ilikuwa na maana gani? Ilikuwa na maana ya "ni kweli ulivyosema, sikwenda." Lakini kwa Kiingereza, ukiulizwa "You didn't go, did you?" ukajibu "Yes", umesema ulikwenda. Kama hukwenda, jibu ni "No". Mimi nilikuwa nimechukua neno sahihi la Kiswahili, nikaweka neno sahihi la Kiingereza, na jumla yake ikawa kesi ya jinai.

Sasa hebu tujiulize tulifundishwaje hivi viswali vidogo vya mwisho wa sentensi. Shuleni tuliviita "question tags". Mimi nitaviita mikia, kwa sababu ndivyo vilivyo, vinaning'inia nyuma ya sentensi. Kila aliyefanya mtihani wa kidato cha nne anaikumbuka sehemu hiyo. Mwalimu anaandika ubaoni sentensi, anaacha nafasi, wewe unajaza. Sentensi ikiwa yakinishi, mkia unakuwa kanushi. Sentensi ikiwa kanushi, mkia unakuwa yakinishi. "You are from Ujiji, aren't you?" "The boat didn't leave, did it?" Chukua kitenzi kisaidizi, kama hakipo lete "do", "does" au "did", halafu badilisha jina liwe kiwakilishi. Basi, alama zako mbili.

Halafu inakuja mitego, na walimu wetu walikuwa wanaipenda mitego kuliko kanuni. "I am late" mkia wake ni "aren't I", usiniulize kwa nini. "Let's go" ni "shall we". "There is dagaa at the market" ni "isn't there". "She has to travel" ni "doesn't she", siyo "hasn't she". "Nobody called" ni "did they", kwa kuwa "nobody" ndani yake tayari kuna ukanushi. Hata "He hardly eats" inahesabiwa kuwa kanushi, kwa hiyo unasema "does he". Tulikariri yote haya, tena vizuri. Niulize leo usiku wa manane nitakujibu.

Lakini katika miaka yangu yote ya darasani, hakuna aliyenifundisha namna ya kuijibu hiyo mikia. Tulijaza nafasi, hatukuzungumza. Ni sawa na kumfundisha mtu kufunga fundo la wavu bila kumwonyesha maji.

Tuseme ukweli, kwetu mkia ni jambo jepesi. Kiswahili kina "sivyo", "si ndiyo", "au siyo", na vijana wengine wanamaliza na "ee" tu. Hakuna kinachobadilika. Umekula, sivyo? Wamefika, sivyo? Mama hayupo, sivyo? Nafsi na wakati vimeshakaa ndani ya kitenzi, mkia hauna haja ya kuvirudia. Kifaransa nacho kina "n'est-ce pas", ambayo haijali kama aliyetajwa ni mwanamume au mwanamke, mmoja au mia. Wakongo wanaovuka kutoka Kalemie kuja kuuza na kununua hapa kwetu wanaitumia hivyo hivyo. Kiingereza ndicho kinachotaka kila sentensi ivae mkia wa saizi yake.

Ndiyo maana wengi wetu tunasema "isn't it" kila mahali. "You are coming, isn't it?" "They have finished, isn't it?" Na hapa chuoni ukisema hivyo mbele za watu, utachekwa mpaka ujute kuzaliwa. Nimeona mwenzetu mmoja wa mwaka wa kwanza alivyoacha kuchangia kwenye semina muhula mzima baada ya kuchekwa kwa "isn't it" moja.

Mimi nasema tunacheka mahali pasipo na hatari. Hiyo "isn't it" ya kila mahali haiko kwetu tu. Wahindi wengi wanaitumia, na London kwenyewe vijana wameifupisha ikawa "innit" na wanaibandika popote. Kwenye mtihani na kwenye barua ya kazi utakosa alama, kwa hiyo jifunze umbo sahihi. Lakini ukisema "You are coming, isn't it?" hakuna atakayekuelewa vibaya. Atakuelewa, labda atatabasamu. Ila ukijibu "Yes" mahali pa "No", hatacheka mtu, kwa sababu hakuna atakayejua kwamba umekosea. Kosa la umbo linasikika. Kosa la jibu linapita kimya kimya na kuandikwa kwenye fomu.

Tofauti yenyewe ni hii. "Ndiyo" yetu humjibu aliyeuliza. Tunamwambia, umesema kweli, nakubaliana na wewe. "Yes" ya Waingereza humjibu yule ambaye angeuliza bila ukanushi wowote, yaani inaangalia kama jambo lilitokea au halikutokea. Lilitokea, "Yes". Halikutokea, "No". Namna swali lilivyoulizwa hawaijali. Wajapani na Wachina nao wanajibu kama sisi, kwa hiyo usidhani ni ushamba wa Kigoma. Ni mantiki mbili tofauti, na kila moja imekamilika kivyake. Tatizo linaanza pale mtu mmoja anapolazimika kusimama katikati ya zote mbili, na sisi wanafunzi ndio tunaoishi hapo katikati.

Tena hata sisi wenyewe kwa wenyewe hatuko sawa. Muulize mtu hapa hosteli, "Hujala?" Mmoja atasema, "Ndiyo, sijala." Mwingine atasema, "Hapana, sijala." Wote wana njaa. Kiswahili kinavumilia yote mawili kwa sababu tunamalizia na kitenzi. Kitenzi ndicho kinachobeba ukweli, "ndiyo" na "hapana" ni adabu za mlangoni tu.

Hilo niligundua usiku ule ule barazani. Tulikuwa na sauti tulizorekodi kwa ruhusa ya wahojiwa, nikaanza kusikiliza moja baada ya nyingine. Aibu iliyonipata siwezi kuisahau. Kwenye sauti 11 mvuvi alisema, "Ndiyo, hatukwenda," au "Ndiyo, mimi sikwenda," ila nilipofika kwenye "ndiyo" tu nilishaanza kusema "Yes", sauti yangu imefunika nusu ya pili ya jibu lake. Jibu lilikuwepo na mzee wa watu alilitoa lote. Ni mimi niliyekuwa na haraka ya kuonyesha Kiingereza.

Wakabaki watatu waliosema "ndiyo" peke yake. Asubuhi yake nilirudi Kibirizi mwenyewe, kabla dagaa hawajaanikwa. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja anayeshona nyavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Mzungu wako yuko wapi?"

"Amelala. Mzee, nilikuja kuuliza tena lile la juzi. Ziwa lilipofungwa, ulikwenda au hukwenda?"

Akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa. "Si nilikwambia ndiyo? Sikwenda. Ulitaka nikuapie?"

Nikamwomba radhi. Wa pili naye vile vile, hakwenda. Wa tatu nilipomuuliza, "Ulikwenda au hukwenda?" alinyamaza, akatazama ziwani, kisha akasema taratibu kwamba alikwenda, usiku mmoja, kwa sababu ndani hapakuwa na kitu na mtoto alikuwa anaumwa. Nikamuuliza kwa nini juzi alisema "ndiyo". Akacheka. "Wewe uliniuliza hukwenda, sivyo? Umeshanipa jibu, nami nikalichukua."

Kwa hiyo kati ya zile fomu 14, ni hii moja tu iliyokuwa sahihi, tena kwa bahati mbaya. Mgeni aliposikia yote, alikubali bila kinyongo kurekebisha fomu zote, na swali lile akaliandika upya lisiwe na mkia. Namshukuru kwa hilo. Asingeniambia siku ile jioni, ripoti ingeandikwa kwamba zaidi ya nusu ya wavuvi wale wanakiri kuvunja sheria, na ripoti zinasomwa na wenye mamlaka. Kesho yake nani angebishana na takwimu?

Maneno ya yule mvuvi wa tatu ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Mkia hauombi jibu tu, mkia unakupa jibu na kungoja ukubali. Na sisi tuliolelewa kutobishana na mkubwa tunakubali upesi sana.

Kuna mikia inayouliza kweli, na kuna inayojifanya kuuliza. Kwa Kiingereza tofauti iko kwenye kiimbo. "It's closed, isn't it?" sauti ikipanda mwishoni, mtu hajui, anataka umsaidie. Sauti ikishuka, anajua tayari, anataka uitikie tu. Halafu kuna mkia wa tatu ambao shuleni hatukuuona kabisa, ule unaofanana na sentensi yake. "So you wrote this yourself, did you?" Hapo sentensi ni yakinishi na mkia ni yakinishi. Kanuni ya ubaoni inasema hilo ni kosa. Siyo kosa. Mara nyingi ni shaka, wakati mwingine ni kejeli. Maana yake inakaribia "Eti umeandika mwenyewe?" Mwanafunzi anayejua kanuni ya ubaoni tu atadhani anasifiwa, atatabasamu na kusema asante.

Sasa fikiria chumba cha kutetea ripoti. Nimesikia kisa cha mwenzetu mmoja, chuo sikitaji, aliyeulizwa na jopo, "You didn't collect this data yourself, did you?" Alikuwa amekusanya mwenyewe, jua kali, wiki sita. Kwa unyenyekevu na woga akadhani anachotakiwa ni kukanusha shutuma, akasema, "No, sir," akimaanisha siyo kama unavyofikiri, mheshimiwa. Kwa Kiswahili angeeleweka vizuri kabisa. Kwa Kiingereza alikuwa amekiri kwamba kazi siyo yake. Alirudishwa kufanya upya, na mpaka leo anaamini alionewa. Mimi naamini aliponzwa na neno moja ambalo hakuna aliyewahi kumfafanulia.

Sisi wa Ujiji tulipaswa kuwa wajuzi wa jambo hili kuliko wote. Mji wetu unajulikana duniani kwa swali la namna hii. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika hapa baada ya safari ndefu kutoka pwani, akamkuta David Livingstone, na kwa masimulizi yake mwenyewe akavua kofia na kumwita kwa jina, akamalizia na "I presume". Hiyo nayo ni mkia. Siyo "isn't it" wala "aren't you", lakini kazi ni ile ile: nimeshajua jibu, nithibitishie. Livingstone akaitikia, mambo yakaisha, na leo pale kwenye kumbukumbu yake watalii wanapiga picha na kurudia maneno yale huku wanacheka.

Stanley alikuwa na bahati, aliuliza kwa kuyakinisha, na aliyeulizwa alikuwa Mskoti. Angeuliza kwa kukanusha, "You are not Doctor Livingstone, are you?" halafu akajibiwa na mmoja wa babu zetu aliyesimama pale kwa adabu, sijui leo tungekuwa tunasoma historia gani.

Najua wapo watakaosema nakuza mambo. Rafiki yangu mmoja wa uhandisi aliniambia, "Wewe tatizo lako ulikuwa mtafsiri mbovu, usisingizie sarufi." Sibishi, nilikuwa mbovu. Lakini ubovu wangu ulitoka wapi? Nilipata A ya Kiingereza. Nilijaza nafasi zote. Kama mwenye A anaweza kugeuza kukana kuwa kukiri mara 13 ndani ya siku tatu bila kushtuka, basi hiyo A ilipima kitu kingine. Na kila mwaka vyuo vyetu vinapeleka wanafunzi field kufanya kazi hii hii: hospitalini, mahakamani, vijijini, kwenye kambi za wakimbizi. "You haven't taken the tablets, have you?" "She has never been vaccinated, has she?" Mgonjwa akisema "ndiyo" na wewe ukasema "Yes", daktari mgeni ataandika kwamba dawa zimeshamezwa.

Wengine watasema dawa yake ni kufundisha kwa Kiswahili tangu mwanzo mpaka chuo kikuu. Mimi naunga mkono mjadala huo, lakini hautanisaidia siku nitakapokaa kati ya mvuvi na mgeni. Daima atakuwepo mtu wa kukaa katikati, na anapaswa kujua kazi yake.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wanaotufundisha stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza: acheni kutupa sentensi za kujaza, tuwekeni wawili wawili tuulizane na kujibizana, tena maswali ya kukanusha, mpaka ndimi zizoee. Kipindi kimoja kinatosha kutushtua. Kwa wanaokaa kwenye majopo na wanaoandaa madodoso: kama mnataka kujua, ulizeni wazi. "Did you collect the data yourself?" ni swali. "You didn't, did you?" ni hukumu iliyotafutiwa sahihi.

Na kwetu wanafunzi: tusiachie "Yes" peke yake, wala "No" peke yake. Malizia na kitenzi, kama wazee wetu wanavyofanya. "No, I didn't." "Yes, I did it myself." Hata ukikosea neno la kwanza, kitenzi kitakuokoa, na anayekusikiliza atakuuliza tena. Ukiwa mtafsiri, subiri mtu amalize. Usikimbilie kuonyesha Kiingereza chako wakati mwenzako bado anasema ukweli wake.

Yule mzee wa nyavu nilimkuta tena Desemba nilipokwenda likizo. Nikamsalimia, akanipokea vizuri, akanikaribisha gogo nikae. Kisha akaniuliza, "Siku hizi hutafsiri tena, sivyo?"

Nikamwambia, "Ndiyo mzee, sitafsiri." Akacheka, akasema walau sasa naisema mpaka mwisho.